Maradhi ya mripuko yakiingia kwanini mtu wa famasi haulizwi kitu? Yeye ndo anaanza kuyaona

#1 Chake_Kwetu
Assalaam alaykum wadau. Naleta hili maana linaniuma kweli. Mie mfamasia, nna famasi ndogo huku Pemba, na masika yakikolea naona mambo mapema kuliko tangazo lolote. Unaona tu ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha, inakwisha kwenye shelfu, flajili inakwisha, watu wanakuja wawili watatu kutoka shehia ileile, mmoja anasema tumbo, mwengine mtoto kaharisha usiku kucha, mwengine kaagizwa na jirani hata hajui anayeumwa nani. Siku kadhaa mbele ndo linapita gari la spika kutangaza watu wachemshe maji. Sasa nauliza, kwani mtu kama mie hawezi kuulizwa mapema? Nikiona hali hiyo huwa nampigia rafiki yangu yupo hospitali, yaani kwa kujuana tu, asipopokea simu basi imeishia hapo. Tatizo liko wapi hasa?

#2 Jozani86
Wa alaykum salaam. Kaka usichukie lakini jibu lake jepesi, nyie wafanyabiashara. 2020 korona ilipoingia nilikwenda mjini kutafuta barakoa, boksi ambalo wiki ya nyuma watu hawalitazami limepandishwa bei mpaka nikadhani nimesikia vibaya. Vitamini C inatolewa chini ya meza kwa anayejuana na muuzaji. Mtu anayepata faida maradhi yakiingia utamwachia vipi akuhesabie wagonjwa?

#3 BintiMkunazini
Jozani, na ndimu na tangawizi za Darajani zilipandishwa na wafamasia? Kila mwenye meza alipandisha. Serikali ikiamua mbona inawezekana, Taiwan Februari 2020 hiyohiyo barakoa ziliwekwa kwenye famasi kwa bei moja, unakwenda na kadi yako ya bima ya afya, kila mtu idadi yake, na siku zimegawiwa kwa namba ya mwisho ya kitambulisho, wenye witiri siku yao na wenye shufwa siku yao. Famasi zilezile za watu binafsi. Ukimpa mtu kazi na ukamsimamia anaifanya.

#4 Mwalimu_Makunduchi
Wote mnasema mfamasia mfamasia. Nendeni saa mbili usiku kwenye duka lolote la dawa muulize aliyesimama kaunta kasomea wapi. Utakuta ni mtoto wa dada wa mwenye duka, kamaliza kidato cha nne juzi. Mfamasia mwenyewe cheti chake kimetundikwa ukutani na yeye yuko kazini kwengine. Januari 2024 yalipoingia yale macho mekundu kutoka bara, binti yangu alipewa matone, nikasoma kichupa kimeandikwa deksamethasoni. Ile steroidi, jamani! Kwenye jicho lenye virusi! Inapunguza wekundu unajiona umepona kumbe unayapa maradhi nafasi. Nilirudi nayo, kijana ananiambia "mbona wote tunawapa hiyo na wanafurahi".

#5 NungwiBoy
Mwalimu afadhali nyie mlipewa matone, kwetu bibi alikuwa anatutia chai ya rangi machoni 😂

#6 Mwalimu_Makunduchi
NungwiBoy mwambie bibi aiache hiyo chai ainywe. Yale macho kwa wengi yanapoa yenyewe, kazi ni kunawa mikono, kila mtu na taulo lake, na ukiona mwanga unakuumiza au huoni vizuri ndo uende kwa daktari wa macho mbio.

#7 DawaNaDozi
Salaam. Nimesoma yote, na mie fani yangu ni hii, niko Unguja. Niseme kwanza Mwalimu kasema kweli kuhusu kaunta na inatuumiza sisi tuliosoma kuliko anavyodhani.

Lakini hebu niwaeleze kazi yenyewe ilivyo wakati wa kipindupindu, maana watu wanadhani ni kupokea pesa na kutoa pakti. Mtu akija anaomba dawa ya kufunga tumbo, zile loperamaidi, swali la mwanzo ni nani anayeumwa, la pili choo kikoje. Akikwambia ni maji matupu kama maji ya kuoshea mchele na anatapika, hapo humuuzii ya kufunga, unamwambia mgonjwa aende hospitali sasa hivi na njiani awe anakunywa ORS, kwa sababu kipindupindu kinamaliza mtu mzima kwa saa chache na kinachomuua ni maji na chumvi zinazomtoka. Ukimfunga tumbo hujamtibu kitu. Antibayotiki nazo watu wanazipenda sana, doksi, sipro, wanataka mbili mbili wagawane nyumba nzima. Doksi ina nafasi yake, mtu mzima aliyekaukiwa vibaya anapewa dozi moja miligramu 300, lakini anaamua daktari na inakwenda pamoja na maji, haichukui nafasi ya maji. Ukigawa vidonge mtaa mzima unawafundisha vimelea kuvizoea tu.

Sasa hiyo ORS yenyewe. Nishamwona mama kwa macho yangu, kafungua pakti palepale dukani, kamimina nusu kwenye glasi ya maji, nusu kaikunja vizuri kaitia kwenye mkoba "ya jioni". Pakti ile ni ya lita moja nzima, ukiitia kwenye glasi chumvi inakuwa kali na mtoto anazidi kuharisha. Nikichukua chupa mbili ndogo za maji zile za nusu lita, nikamwambia unajaza hizi mbili maji safi, unamimina kwenye jagi, unatia pakti yote, unakoroga, inakaa siku moja ikibaki unamwaga, basi anaelewa palepale. Dakika tatu hazifiki. Na hizo dakika hakuna anayezilipa wala anayezihesabu, nikisema mchango wa mfamasia kwenye mripuko ndo huo.

#8 Fundi_Kisauni
Dada (au kaka?) Dozi hapo kwenye chupa mbili umenisaidia kweli. Mie siku zote natumia chupa kubwa ya lita moja na nusu. Na kama pakti haipo, si unaweza kutengeneza nyumbani, sukari vijiko vinane chumvi kijiko kimoja?

#9 DawaNaDozi
Dada. Na hapana fundi, hiyo chumvi umezidisha mara mbili. Lita moja ya maji safi, sukari vijiko SITA vya chai, chumvi NUSU kijiko cha chai, vyote vya kufuta juu sio vya kilima. Onja kwanza, isizidi chumvi ya machozi. Ni ya kukuvusha mpaka upate pakti tu.

#10 PembaPeremba
Mie naona mnazunguka. Watu wanakwenda famasi kwa sababu wanajificha. Hospitali ukisema kuharisha na kutapika wakati wa mripuko unajua kinachofuata, unapelekwa kambi ya wagonjwa wa kipindupindu, nyumba inakuja kupigwa dawa, mtaa mzima wanachungulia madirishani, na mwanamke anauza mandazi basi biashara yake imekufa. Ile ya 2015 na 2016 wagonjwa walipita elfu nne Zanzibar nzima, skuli zikafungwa, vyakula na juisi za barabarani zikapigwa marufuku. Jirani yangu wakati ule alimuuguza mumewe ndani kwa dawa za dukani siku mbili milango imefungwa, sie tunadhani wamesafiri. Alipona alhamdulillahi lakini walipomtoa hana hata machozi. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Sasa huyo mtu wa famasi akianza kuripoti majina, watu watamkimbia na yeye, wataishia kwa mganga au kwenye dawa alizobakisha jirani.

#11 Chake_Kwetu
Peremba hilo la majina umeligusa penyewe. Lakini mie sikusema majina. Nimesema idadi na shehia. "Wiki hii nimetoa pakti kadhaa, kawaida yangu ni nusu yake, wengi wanatoka upande fulani." Hakuna aliyeumbuliwa hapo.

#12 Msafiri_wa_Malindi
Chake hiyo fikra yako ina mfano. Marekani miaka ya tisini, Chicago nadhani, maji ya bomba yalichafuka mji mzima ukaharisha, na moja ya dalili za mwanzo ilikuwa dawa za kuharisha kwisha kwenye mafamasi.

#13 Jang'ombe_Kwanza
Ni Milwaukee sio Chicago, 1993. Kimelea kinaitwa cryptosporidium, kilipita kwenye mtambo wa kusafisha maji na klorini haikukiweza, walikisia watu kama 403,000 waliugua. Ni kweli dawa za kuharisha zilipungua madukani na wafanyakazi na wanafunzi wakakosekana kwa wingi kabla maabara hawajasema kitu. Hata UKIMWI 1981 kule kwao fununu mojawapo ilikuwa maombi ya dawa moja adimu, pentamidini, kuongezeka ghafla na aliyeshtuka ni mhudumu wa kutoa dawa.

#14 Msafiri_wa_Malindi
Shukran, Milwaukee.

#15 Jozani86
Marekani kila kidonge kiko kwenye kompyuta. Sisi hapa duka lina daftari la kaunta, tena afadhali liwe na daftari. Na mwenye duka hakupi hesabu za kweli hata ukimlilia, kwa sababu anaogopa watu wa kodi. Leo anaandika kauza pakti mia mbili kwa ajili ya kipindupindu, kesho wanamwambia mbona risiti huna? Mie naona kinachozuia ni hicho hasa.

#16 BintiMkunazini
Jozani hapo juu ulisema ni faida, sasa unasema ni kodi. Chagua moja ami.

#17 Jozani86
Zote mbili zinakaa kwenye droo moja.

#18 Mkoani_Bandarini
Niingie kidogo. Mnasema hakuna utaratibu wakati malaria tunao, tena watu wanakuja nje kuusoma. Tangu 2008 vituo vya afya vinatuma idadi kwa simu kila wiki, baadae ikaja ya mtu mmoja mmoja, ukipimwa ukakutwa na malaria anakuja afisa mpaka nyumbani anapima na wengine. Ndo maana Zanzibar malaria ilishuka mpaka chini ya asilimia moja, ukijumlisha na vyandarua, kupiga dawa majumbani na dawa mseto ya bure tangu 2003.

Lakini tazameni tobo lilipo. Kijana katoka bara na boti, homa imempanda, hataki foleni, anaingia dukani ananunua mseto anakwenda zake. Hakupimwa, hakuandikwa, hakuna afisa anayebisha hodi kwake. Na ile anayouziwa mara nyingi ni ALu, yaani artemeta na lumefantrini, ya kutoka bara wakati huku kwetu serikalini iliyoanzia ni artesuneti na amodiakwini. Kama kaja na vimelea, mbu wa mtaani wanamng'ata na mwisho tunashangaa "malaria imerudi". Laiti muuzaji angemwambia nenda kwanza kapime, ni bure, ingetosha.

#19 DawaNaDozi
Mkoani Allah akuzidishie. Na sio malaria tu, homa yoyote. Mtu akirudi Dar wakati kuna homa ya dengi, kama ile ya 2019, anakuja anaumwa mifupa na nyuma ya macho, anaomba diklofenaki au brufeni kwa sababu "panadoli hainifai". Kwenye dengi hizo zinaweza kumtoa damu, na aspirini pia. Anapewa parasetamoli, maji mengi na anaambiwa dalili za hatari, tumbo kuuma sana, kutapika hakukatiki, fizi kutoka damu, hapo hospitali. Wateja wangu wengine wameninunia kwa kuwanyima sindano.

#20 NungwiBoy
Sindano ya diklo ndo dawa ya taifa huku kaskazini usituguse 😂 Lakini mie nauliza, mnazungumza famasi famasi, maji je? Huku hotelini maji yapo saa ishirini na nne, wafanyakazi wanaoishi nyuma ya hoteli wananunua madumu na hawajui yametoka kisima gani. Tukimaliza masika vyoo vya shimo vimejaa vinamwagikia hukohuko.

#21 Fundi_Kisauni
Hapo NungwiBoy kasema. Hata uwe na mfamasia kila mlango, kisima kikiwa hatua chache kutoka choo ni kazi bure. Mie nachimba vyoo najua ninachokisema, mjini ukishuka kidogo tu unakuta maji.

#22 PembaPeremba
Ndo maana serikali ikaweka ule mpango wa kumaliza kipindupindu wa 2018 mpaka 2027, maji na usafi ndo kichwa chake. Chanjo nayo imo. Tena 2009 ilipigwa huku na Unguja kwenye shehia chache, sio sindano, ya kunywa. Mie nlikuwa Mwambe wakati huo, unapewa kikombe, ina ladha ya ajabu, unarudi tena kwa dozi ya pili. Waliokunywa mbili ilionekana imewakinga vizuri tu.

#23 Msafiri_wa_Malindi
Swali basi, kwanini chanjo zisipitie famasi? Ureno na Uingereza mfamasia anachoma chanjo ya mafua miaka mingi sasa, na korona wakaongezewa.

#24 Mwalimu_Makunduchi
Msafiri, yule kijana aliyempa binti yangu steroidi ndo unataka ashike sindano? Kwanza friji. Chanjo inataka nyuzi joto 2 mpaka 8 na umeme wetu unaujua. Nishaona friji ya duka la dawa ndani mna insulini, mna soda na mna mfuko wa pweza.

#25 BintiMkunazini
Pweza 😂😂 duka gani hilo tulikwepe

#26 Mwalimu_Makunduchi
Silitaji. Pweza alikuwa mzuri lakini.

#27 Chake_Kwetu
Mwalimu tunakuelewa, lakini hiyo ni hoja ya kukagua na kufundisha, sio ya kutuacha nje. Bara walianza maduka ya dawa muhimu Ruvuma 2003, muuzaji lazima apite kwenye mafunzo na duka likaguliwe ndo lipewe kibali. Huku tuna Wakala wa Chakula na Dawa wanakuja kukagua, wanatazama tarehe za kwisha na vibali, vizuri, ni kazi yao. Lakini sijawahi kuulizwa "wiki hii umeona nini". Mtu huyohuyo aliyekuja na gari angeweza kuondoka na jibu hilo.

#28 Jozani86
Nikuulize kwa haki kaka Chake. Kaja mtu na elfu ishirini mkononi anataka sipro na ya kufunga tumbo kwa nyumba nzima, mripuko umetangazwa, kodi ya fremu inadaiwa. Unamrudisha?

#29 Chake_Kwetu
Namrudisha na nishamrudisha. Mwaka juzi alikuja mvuvi, mtu mzima, anataka vidonge vya kufunga kwa sababu wanatoka kwenda dago, kambi ya uvuvi, alfajiri. Kasimama kashikilia kaunta kwa mikono miwili, midomo imepauka, nikambana ngozi ya mkono ikabaki imesimama. Nikamwambia huendi dago wala huendi nyumbani. Akanitukana. Nikamkalisha kwenye kiti nyuma ya kaunta, nikamkorogea ORS, kanywa jagi zima anatapika anakunywa, huku natafuta gari. Dereva wa kwanza alipoona anatapika akaondoka. Wa pili tukamtandikia nailoni kwenye siti. Hospitali wakamtia dripu. Kule maabara wakakithibitisha, na ndo ikajulikana kambi yao ina wengine wanne hali zao hivohivo. Siku ile sikuuza kitu, nilifunga duka nikasugua sakafu kwa klorini. Na mpaka leo hakuna aliyekuja kuniuliza yule mtu nilimwonaje. Ndo sababu nimeanzisha uzi huu Jozani.

#30 Jozani86
Mashallah, weye ni mmoja. Nahesabu maduka kumi kwenye mtaa wangu na nakwambia tisa wangemuuzia.

#31 DawaNaDozi
Tisa ni nyingi, lakini sibishi kwamba wapo. Wangepewa mafunzo ya siku mbili tu kabla ya masika na karatasi ya kubandika kaunta, wengi wasingeuza. Wengine ni kutojua, sio roho mbaya.

#32 PembaPeremba
Na mie narudi palepale, hata wakijua, mgonjwa ataongopa. Atasema ni ya mtoto, kala embe bichi.

#33 UmmuMicheweni
Samahani natoka nje ya mada, mtoto wangu miezi minane anaharisha tangu jana, choo cha kawaida chepesi, ananyonya. Nimepewa ORS na vidonge vya zinki. Zinki nampa kiasi gani, maana sikuelezwa?

#34 DawaNaDozi
Hujatoka nje ya mada dada, ndo mada yenyewe hii. Zinki miezi sita na kuendelea ni miligramu 20 kwa siku, kidonge kimoja, kiyeyushe kwenye kijiko kwa maji safi au maziwa yako, siku 10 mpaka 14 hata akiacha kuharisha usikate. Mnyonyeshe zaidi. ORS kila akiharisha, kidogokidogo kwa kijiko, akitapika subiri dakika kumi uanze tena taratibu. Macho yakizama, akilegea, akikataa kunyonya, damu kwenye choo, au anatapika kila kitu, usisubiri kujibiwa humu, kimbia kituo cha afya.

#35 UmmuMicheweni
Jazakillahu khair. Kidonge alinipa vipande vipande kwenye karatasi bila jina.

#36 Mwalimu_Makunduchi
Haya, Chake na Dozi, mmemsikia dada? Bila jina.

#37 Chake_Kwetu
Nimesikia. Ummu vipeleke kituo cha afya wakitazame kabla hujampa mtoto, na mwambie aliyekuuzia akupe zilizo kwenye pakti yake. Mwalimu hili la karatasi nakuunga mkono moja kwa moja, tena nalifungulia uzi wake.

#38 Jozani86
Ukiufungua nitag, na lile la kodi hujanijibu.